Saiti imegoma kuunganika na databesi? Tafuta namba ya erori kabla hujagusa kitu

Juzi kati usiku dada mmoja anaeuza vitenge na mashuka Kariakoo kanipigia, sauti yenyewe tu unajua hapa hamna amani. "Kaka, saiti haifunguki, na tangazo la Idi nimeshalirusha, watu wanaingia wanakuta maandishi tu." Nikamwambia pole dada, piga picha skrini unitumie. Ukurasa mweupe, mstari mmoja: "Error establishing a database connection". Kumbe kijana wake wa dukani alishaanza kuhangaika nayo tangu mchana, kazima plagini zote, karudisha themu ya zamani, na alikuwa ameshaanza kuuliza watu namna ya kufuta WordPress nzima aiweke upya. Na tatizo halikuwa huko kabisa, lilikuwa kwenye mstari mmoja wa faili moja.

Ndo maana naandika hii, kwa sababu naona watu wengi wanaingia kwenye shimo hilo hilo, yani saiti ikilala mtu anaanza kufuta vitu kabla hajajua nini kimekataa, mwisho wa siku tatizo dogo la dakika kumi linageuka kuwa la wiki nzima, na hapo katikati kuna mtu biashara yake imesimama. Nitatumia mfano wa WordPress kwenye hostingi ya kushea yenye cPanel (paneli ya kuendeshea hostingi) maana ndo wengi wetu tupo huko, ila hata kama saiti yako umeandika mwenyewe kwa PHP mambo ni yale yale.

Elewa kwanza kinachotokea. Saiti yako ni vitu viwili vinavyokaa mbali mbali. Kuna mafaili, yale yaliyomo kwenye folda ya public_html, alafu kuna databesi, ambayo inatunzwa na programu nyingine kabisa, MySQL au MariaDB. Kila mtu akifungua ukurasa, PHP (lugha iliyoandikiwa saiti) inaenda kupiga hodi kwa MySQL na kujitambulisha kwa vitu vinne: anwani ya seva ya databesi, jina la yuza, pasiwedi na jina la databesi yenyewe. Kwenye WordPress vyote vinne vimo ndani ya wp-config.php, vinaitwa DB_HOST, DB_USER, DB_PASSWORD na DB_NAME. Kimoja kikikosewa hata herufi moja, mlango haufunguki. Au vyote viko sawa ila mwenye nyumba hayupo, au yupo ila nyumba imejaa wageni. MySQL inajua ni lipi kati ya hayo na inalisema kabisa, kwa namba, ila WordPress inaificha ile namba ili wageni wasione mambo ya ndani. Kazi yako ya kwanza ni kuitoa hiyo namba.

Kabla ya yote chukua kopi ya wp-config.php, ishushe kwenye kompyuta yako au iweke folda iliyo juu ya public_html. Tafadhali usiiache ndani ya public_html kwa jina la wp-config.php.bak au wp-config.txt, maana faili lisiloishia na .php seva inalitoa kama maandishi ya kawaida, yeyote akiandika hiyo anwani kwenye brauza anasoma pasiwedi yako yote. Kuna roboti zinazunguka mtandaoni kazi yao ni kutafuta mafaili ya namna hiyo tu.

Sasa ingia File Manager ya cPanel, ndani ya public_html tengeneza faili jipya, lipe jina ambalo mtu hawezi kubahatisha, mfano jaribio-8841.php, alafu weka hivi:

<?php
mysqli_report(MYSQLI_REPORT_OFF);
$c = mysqli_connect('localhost', 'YUZA', 'PASIWEDI', 'DATABESI');
echo $c ? 'Imeunganika' : mysqli_connect_errno() . ' ' . mysqli_connect_error();

Badilisha yale maneno ya herufi kubwa uweke yaliyomo kwenye wp-config.php, na uyakopi na kuyapesti, usiyaandike kwa kukumbuka, maana unataka kujaribu kile kile ambacho WordPress inatumia. Na kama DB_HOST yako sio localhost basi weka hiyo hiyo iliyopo. Ule mstari wa pili una sababu yake, kuanzia PHP 8.1 mysqli ikishindwa inatupa erori ya kusimamisha kila kitu badala ya kuendelea, na wewe unataka iendelee ikusomee namba. Fungua hilo faili kwenye brauza. Ukiona "Imeunganika" wakati saiti bado inalia, basi mara nyingi ulichokiweka kwenye jaribio sio kilichomo kwenye wp-config.php, rudi ulinganishe herufi kwa herufi. Ukiona namba, sasa tunaongea.

Namba 1045 ndo utakayokutana nayo mara nyingi, "Access denied for user". Maana yake seva ipo, imekusikia, ila yuza na pasiwedi haviendani. Usome ujumbe wote mpaka mwisho kwa sababu una mambo mawili ya maana sana. Mwishoni kuna "using password: YES" au "NO". Ikiwa NO, PHP haikutuma pasiwedi kabisa, yani sehemu ya pasiwedi ipo tupu, hiyo inatokea sana kwa mtu aliyetoka kujenga saiti kwenye XAMPP (programu ya kujaribia saiti kwenye kompyuta yako), ambako yuza ni root na pasiwedi hamna, akapandisha mafaili kama yalivyo. Ikiwa YES basi pasiwedi imetumwa ila sio yenyewe. Alafu angalia jina la yuza lililoandikwa pale, na hapa ndo narudi kwa yule dada wa vitenge.

Ujumbe wake ulikuwa unasema 'dukamama'@'localhost', nimebadilisha jina ila umbo ni hilo hilo. Nikalitazama lile jina nikaona kuna kitu kinakosekana. Kwenye cPanel za hostingi ya kushea mara nyingi yuza wa databesi ana jina la akaunti mbele, alafu mstari wa chini, alafu jina ulilochagua, kitu kama dukamama_wp1. Hili halikuwa na mstari wa chini. Nikamuuliza, dada kuna mtu kabadilisha pasiwedi ya cPanel leo? Akasema ndio, mimi mwenyewe, asubuhi, kuna kijana kaacha kazi nikaona nibadilishe kwa usalama. Kumbe fundi wa kwanza aliyejenga hiyo saiti hakutengeneza yuza wa databesi, alitumia akaunti kuu ya cPanel moja kwa moja, na ile akaunti kuu pia ni yuza wa MySQL mwenye pasiwedi ile ile. Kwa hiyo dada alivyobadili pasiwedi ya paneli, kabadili na ya databesi bila kujua, wp-config.php ikabaki na ya zamani. Alifanya jambo sahihi kabisa, kosa lilikuwa la yule aliyejenga. Tukatengeneza yuza mpya, tukampa ruhusa, tukabadili mistari miwili, saiti ikarudi kabla hata hatujakata simu.

Na wewe ukikuta hivyo usiishie kuandika pasiwedi mpya ya cPanel ndani ya wp-config.php. Itafanya kazi ndio, lakini utakuwa umeweka funguo za nyumba nzima, pamoja na email zote, ndani ya faili la saiti. Ingia sehemu ya databesi kwenye cPanel, nyingi zimeandika MySQL Databases au Manage My Databases, tengeneza yuza mpya, iache cPanel ikutengenezee pasiwedi ngumu, alafu teremka chini kwenye Add User To Database, chagua yuza na databesi yako, weka tiki kwenye ALL PRIVILEGES na usevu. Hiyo hatua ya mwisho watu wanairuka sana, wanatengeneza yuza, wanatengeneza databesi, hawaviunganishi.

Kama yuza yupo sawa ila pasiwedi imepotea, pale pale unaweza kumbadilishia. Ila subiri kwanza, jiulize kama kuna kitu kingine kinatumia yuza huyo huyo, mfano mfumo wa stoo au fomu ya oda iliyo kwenye folda nyingine. Ukimbadilishia pasiwedi unafufua saiti moja unaua nyingine. Kutengeneza yuza mpya hakumuumizi mtu.

Mambo mengine yanayoleta 1045 ni madogo madogo lakini yanatesa. Wengi wetu tunaedit kwa simu, na kibodi ya simu inapenda kusaidia, inaweka nafasi mwisho wa neno, inakuza herufi ya kwanza, na wakati mwingine inageuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda. PHP haizijui zile zilizopinda. Ukiweza subiri upate kompyuta, usipoweza zima usahihishaji wa kibodi kabla hujafungua lile faili. Lingine ni pasiwedi yenye alama ya dola. Ukiiweka ndani ya nukuu mbili, PHP inadhani kinachofuata dola ni jina la kibadilika (variable), inaenda kulitafuta, hailipati, inakata kipande cha pasiwedi, wewe unaangalia unaona mbona iko sawa. Tumia nukuu moja moja, kama WordPress wenyewe walivyoweka. Na kwa wanaotumia Laravel (fremu ya PHP), kwenye faili la mipangilio la .env pasiwedi yenye alama ya reli (#) lazima uizungushie nukuu la sivyo kinachofuata baada ya reli kinaweza kuhesabika kuwa ni maelezo tu, alafu kumbuka mipangilio inaweza kuwa imehifadhiwa kwenye bootstrap/cache/config.php, unabadili .env mara kumi hamna kinachobadilika mpaka ulifute hilo faili au uamuru php artisan config:clear.

Namba 1044 inafanana na hiyo ila ni nyingine. Hapa pasiwedi imekubaliwa, kilichokataliwa ni kuingia kwenye hiyo databesi. Yani umefunguliwa geti ila chumba sio chako. Ni ama hukumuunganisha yuza na databesi kama nilivyosema hapo juu, ama umekosea jina la databesi. Hilo la pili linawachanganya watu kwa sababu wanategemea kuona 1049, "Unknown database". MySQL haikwambii kama databesi ipo au haipo kama huna ruhusa nayo, inakukatalia tu, kwa hiyo ukisahau kile kipande cha mbele ukaandika wp1 badala ya dukamama_wp1 utaletewa 1044. Hiyo 1049 unaiona pale ambapo ruhusa ipo ila databesi yenyewe imefutwa, na hapo acha kila kitu ukaulizie bekapu. Ukurasa wa WordPress wenyewe kwenye hali hizi mbili mara nyingi unaandika "Cannot select database".

Sasa 2002. Hapa PHP haijampata hata mtu wa kumjibu. Soma maneno yaliyofuata. "No such file or directory" maana yake ulisema localhost, na localhost kwa MySQL haipiti mtandaoni, inapita kwenye faili maalum la soketi ndani ya seva ile ile, na hilo faili halipo. Ama MySQL imezimika, ama hosti wako anaweka databesi kwenye seva nyingine na anataka uandike jina la hiyo seva kwenye DB_HOST. Hosti wa namna hiyo wapo, jina lenyewe linakuwepo kwenye email uliyotumiwa siku unafungua akaunti au kwenye ukurasa wa databesi. Ukijaribu 127.0.0.1 badala ya localhost unapita njia ya mtandao kupitia porti 3306, mara moja moja inasaidia na inakupa fununu, maana "Connection refused" ni kwamba hamna anaesikiliza kwenye hiyo porti. Na ukiona "getaddrinfo failed" basi umekosea kuandika jina la seva, hilo tu.

Utajuaje kama MySQL imezimika? Fungua phpMyAdmin (programu ya kuangalia databesi kwenye brauza) kutoka ndani ya cPanel. Nayo ikigoma, tatizo ni la hosti, hamna utakachofanya wewe zaidi ya kuwaandikia. Ikifunguka, seva ipo hai. Lakini hapa watu wanajidanganya, wanasema phpMyAdmin inafunguka kwa hiyo pasiwedi yangu ni sahihi. Hapana. phpMyAdmin ya cPanel inakuingiza kwa utambulisho wa akaunti yako ya paneli, sio kwa ule ulioandikwa wp-config.php. Inathibitisha seva inaishi, basi.

Zipo erori za kujaa, na hizi unazijua kwa tabia, saiti inafunguka, unarifreshi inagoma, unarifreshi tena inafunguka. Namba ni 1040, au 1203, au 1226. 1040 ni seva nzima imejaa, wewe na majirani zako wote mnaoshea. 1203 na 1226 zikitaja max_user_connections ni wewe, yuza wako kafikisha idadi ya miunganiko aliyoruhusiwa kwa wakati mmoja. Tatizo la namna hii kubadili pasiwedi hakusaidii chochote. Kwenye cPanel shusha kumbukumbu za Raw Access (orodha ya waliofungua saiti) uangalie nani anagonga. Mara nyingi sana nakuta anwani za ajabu zinagonga xmlrpc.php na wp-login.php mfululizo, na kila hodi moja ni muunganiko mmoja wa databesi. Kama hutumii Jetpack wala programu ya WordPress ya simu, funga xmlrpc kwa kuweka hii kwenye .htaccess, faili la amri za seva lililomo public_html:

<Files xmlrpc.php>
Require all denied
</Files>

Baada ya hapo weka plagini ya kuhifadhi kurasa, LiteSpeed Cache kama seva yako ni LiteSpeed, au nyingine unayoiamini. Mgeni akipewa ukurasa ambao umeshaandaliwa hamna haja ya PHP kwenda kupiga hodi kwa databesi kabisa, na kwa saiti ya duka dogo hiyo peke yake inapunguza mzigo sana. Vikapu na malipo visihifadhiwe lakini, hakikisha hilo.

Nafasi ikijaa pia ni balaa, na hii naomba uisome taratibu. Ukiona kwenye cPanel Disk Usage imefika mwisho, usiedit wp-config.php hata kidogo. Unapousevu faili wakati hamna nafasi, lile la zamani linaweza kufutwa na jipya likashindwa kuandikwa, unabaki na faili la baiti 0. Nimelikuta hilo kwa mtu, hakuwa na kopi, tukaanza kutengeneza upya kutoka wp-config-sample.php. Futa kwanza bekapu za zamani zilizorundikana kwenye akaunti na mafaili ya error_log yaliyonenepa, uone nafasi imerudi, ndo uguse kitu.

Kuna hali inaitwa na watu databesi haiunganiki kumbe imeunganika. Ya kwanza, saiti inaonyesha erori lakini ukienda /wp-admin inakwambia "One or more database tables are unavailable". Hapo ni jedwali limeharibika. Weka define('WP_ALLOW_REPAIR', true); ndani ya wp-config.php, fungua /wp-admin/maint/repair.php, bonyeza kurekebisha, ikimaliza ufute huo mstari hapo hapo kwa sababu ukurasa ule haudai kulogini, mtu yeyote anaweza kuufungua. Ya pili ni ya hatari zaidi, umehamisha saiti kwenda hosti mpya, unaifungua, inakuletea ukurasa wa kuchagua lugha na kuanza kusakinisha WordPress. Usibonyeze endelea! Databesi imepatikana, ila majedwali yako hayajaonekana, ama hujaimpoti faili la .sql, ama $table_prefix kwenye wp-config.php inasema wp_ wakati majedwali yako yanaanza na kitu kingine. Fungua phpMyAdmin uangalie majina ya majedwali yanaanzaje, ulinganishe, urekebishe huo mstari.

Wa kuunganika kutoka nyumbani, yani unataka programu iliyo kwenye kompyuta yako ifungue databesi ya kwenye hosti, lazima uongeze anwani ya IP yako kwenye sehemu ya Remote MySQL ya cPanel. Tatizo intaneti za simu IP inabadilika badilika, leo inakubali kesho inakataa. Watu wanachoka wanaweka alama ya asilimia, yani dunia nzima iruhusiwe. Usifanye hivyo. Kama hosti anakupa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) pita humo, kama hatoi basi tumia phpMyAdmin.

Ikibidi kuwaandikia sapoti, usiseme "saiti haifanyi kazi", utajibiwa kesho kwa swali. Andika domeni, namba ya erori na ujumbe wake wote bila pasiwedi, ulichokwisha jaribu, na saa ilipotokea. Na hiyo saa uiandike kwa mtindo wa 24 na useme ni ya Afrika Mashariki. Ukiandika saa mbili usiku kwa Kiswahili chetu alafu ukatafsiri vibaya, fundi anaenda kuangalia kumbukumbu za saa 2 usiku wa manane, haoni kitu. Seva nyingi zinaandika muda wa UTC (saa ya kimataifa), ambao uko nyuma yetu masaa 3, kwa hiyo tukio la 20:12 kwetu litakuwa 17:12 kwao, na hata wewe ukisoma error_log yako utafute huko.

Saiti ikirudi, fungua kwenye dirisha la faragha na kwenye simu nyingine, ingia wp-admin, jaribu kuweka oda moja ya uongo uone inaingia. Alafu rudi File Manager ulifute lile jaribio-8841.php, maana lina pasiwedi yako ndani.